Nguzo Zilizogoma Kuitika

Ukungu bado umelala juu ya uwanja wa nguzo, nje kidogo ya Makambako, na Hosiana Mlowe anatembea kinyumenyume. Mkononi ana mashine yenye umbo la bastola. Anailenga nguzo, anabonyeza, mashine inalia. Anarudi nyuma tena. Inalia. Anarudi tena. Kimya.

"Mwisho wake wa kusikia ni hapa," anasema, akichora mstari ardhini kwa kisigino.

Kazi yake ni kupima chipu zinazopigiliwa kwenye nguzo za umeme. Chipu haina betri. Huamka pale tu mashine inapoiita kwa mawimbi ya redio, ikataja namba ya nguzo na shamba ilikotoka. Hosiana hupima inaitika kutoka mbali kiasi gani, nguzo ikiwa kavu na ikiwa imelowa. Wapakiaji humcheka eti anaongea na magogo. Wala hajali! Nguzo ikinyamaza, huisalimia kwa Kibena: "Kamwene!"

Mwezi uliopita utani uliwaisha. Lori la kikundi cha wakulima wa vijijini Njombe lilifika getini, nguzo zote kimya. Mnunuzi akasema zisipoitika hadi jioni, mzigo unarudi na mkataba basi. Katika kikundi hicho yumo Fidelia, mama yake Hosiana, aliyepanda miti ile binti akiwa darasa la tatu.

"Niliogopa, jamani," anasimulia. "Chipu zile nilizipima na kuzipitisha mwenyewe kabla hazijapelekwa vijijini kupigiliwa. Nikawaza, nimemponza mama yangu?"

Akapanda juu ya lori. Lahaula! Kila chipu ilikuwa imefunikwa kipande cha bati, kimepigiliwa misumari kwa ustadi. Akampigia mama yake simu.

"Mama, hizi bati kaweka nani?"

"Ni sisi, mwanangu. Mvua ya huku si unaijua? Tukasema kitu cha watu kisije kikaharibika, tukakiezekea."

Hosiana akacheka huku machozi yanamtoka. Bati huzuia mawimbi; chipu zilikuwa nzima, ila hazikusikia zikiitwa. Anderson, mpakiaji aliyekuwa kinara wa kumtania, ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika nyundo. Mabati yakang'olewa, mashine ikaanza kulia. Chipu zilizogandamana na mti mbichi ziliitika kwa shida, kwa kuwa maji nayo humeza mawimbi. Hizo akaziwekea kipande cha plastiki kwa nyuma. Lori likapita getini kabla jua halijazama, na Anderson akapiga vigelegele kama yuko harusini.

Sasa Hosiana amepata ruhusa ya kupeleka mashine vijijini, wakulima wajipimie kabla ya kupakia. Ataanzia kwao.

"Nataka mama aishike mwenyewe," anasema. "Miti ile ameihangaikia miaka yote hiyo, haijawahi hata siku moja kumjibu."