Mutahama, Kuya!

Juzi nilirudi Kisangani. Kabla sijafika kwenye kiwanja chetu cha zamani, upande wa Simi-Simi, nilisikia mwanamke akimwita mwanawe aje kula. Aliita mara moja tu, kwa sauti ndefu. Miguu ikanisimama. Wewe uliyelelewa penye nyumba yenye mbwa utanielewa. Mwingine acha anicheke.

Mbwa wetu aliitwa Mutahama. Kwetu jina la mbwa ni ujumbe kwa jirani, hilo unalijua. Bibi alikuwa amegombana na jirani yetu, mama Mwislamu kutoka Maniema, juu ya mstari wa mihogo ya sombe, ile mboga ya majani, uliovuka mpaka wa kiwanja. Hawakusalimiana tena. Mtoto wa mbwa alipoletwa, bibi akampa jina hilo, yaani ninyi mtahama, ili kila jioni amwambie jirani kwamba atahama, bila kumtaja. Jirani naye hakuwa mjinga. Jina likiitwa tu, mchi wake ulianza kutwanga kwa hasira ungedhani kinu kitapasuka.

Papa hakupenda mbwa. Alisema huyu asipojua kuja akiitwa kabla mvua za msimu ule hazijaisha, atapewa wachuuzi wa baiskeli wampeleke Opala. Sote tulijua mbwa waliopelekwa huko hawarudi. Nililia mpaka nikashindwa kula lituma yangu ya ndizi za kuponda. Bibi akanikalisha jikoni, katikati ya moshi na harufu ya mawese, akanipa kichwa cha samaki wa wavuvi wa Wagenia.

"Unamuita mara moja," alisema. "Jina ya kuita mara mbili inakuwa makelele. Na usimuite na mukono mutupu."

Shule yote ilikuwa hiyo. Nilisimama penye ua wa mianzi, nikaita, nikangoja. Asipokuja, kichwa cha samaki nilikitafuna mimi, yeye akitazama kwa mbali. Akija, alipewa, hata kama alikuwa ametoka kuiba. Siku alipokula makayabu yetu, samaki wa chumvi wa Pasaka, Papa alimwita huku ameficha fimbo mgongoni, naye mjinga yule akaja mbio. Bibi aliinyakua ile fimbo.

"Ukimupiga juu amekuya, kesho atakuya juu ya nini?"

Polepole akashika. Kengele za toleka, zile baiskeli za abiria, zilie barabarani, mbwa wa mtaa wapigane, jina likitoka tu uliona vumbi linakuja. Papa akanyamaza, habari ya Opala ikaisha. Sijapata tena furaha ya namna ile, nakwambia kweli.

Kisha bibi akaugua, Papa akatuchukua wote kwa ndege mpaka Kinshasa, kwenye hospitali kubwa. Mbwa hakupanda. Aliachiwa tonton, mdogo wake Papa, "mpaka likizo." Likizo haikufika. Bibi alizikwa Kinshasa, tonton akauza kiwanja na kwenda zake, na kila nilipouliza habari za mbwa niliambiwa yuko tu.

Sasa pale pana ukuta wa matofali na geti la chuma. Ua wa mianzi haupo, wala jiko. Aliyebaki ni jirani peke yake, amezeeka, na sombe zake ziko palepale. Alinitambua, akaniletea kiti.

"Nyinyi ndjo mulihama, mutoto yangu," alisema. Hakuwa anacheka.

Nikamuuliza juu ya mbwa. Alijibu huku akichambua majani ya sombe.

"Ile imbwa ilikuwa inakuya kila mangaribi, inaikala hapa pa barabara, inangojea. Ilibakia mifupa tu. Mimi sigusake imbwa, unajua, juu ya sala. Lakini siku moja roho iliniuma. Nikatosha samaki muzima, nikaita ile jina, mimi mwenyewe: Mutahama, kuya! Iliangalia samaki, iliangalia barabara. Haikukuya. Asubui tulikuta imekufa."

Bibi hayupo, Papa hayupo, na ugomvi wenyewe hakuna wa kuuendeleza. Ukiniondoa mimi, mama huyu ndiye mtu pekee duniani aliyebaki anayelijua jina lile, jina lililotungwa kumfukuza.

Jioni niliaga, nikasimama pale barabarani mbwa alipokuwa akikaa. Nilifungua mdomo nimwite, mara moja tu. Lakini mkononi sikuwa na kitu.