Jabali Lilipotoka Nizwa

Mimi si mtu wa kutulia. Mama husema nilizaliwa na siafu miguuni, na tangu mlima wetu wa Jabal Akhdar ulipokatwa kutoka Nizwa ukafanywa wilaya peke yake, siafu wale wamenipanda mpaka kichwani. Nafundisha jiografia. Ramani ya mkoa wetu wa Dakhiliya iliyotundikwa darasani kwangu ilikuwa imekwisha kuwa ya uongo, nami niliendelea kuielekezea kijiti kila asubuhi kwa kuwa mpya haijaletwa.

Si mara ya kwanza mistari kusogezwa. Sharqiya ilikuwa mkoa mmoja, ikawa miwili: Ibra ikabaki kaskazini, Sur kusini. Mama mdogo aliyeolewa Sur alimpigia simu dada yake wa Ibra, akamwambia, "Haya bibi, tushakuwa wageni. Ukija kwangu upige hodi." Wakacheka mpaka wakapaliwa. Wao waliweza kucheka. Mjumbe wa Majlis ya Shura, ndilo bunge letu, huchaguliwa na wilaya, wala si na mkoa. Wilaya yenye raia wengi hupata viti viwili, ndogo kimoja. Wilaya zao zilibaki zile zile. Kwetu sisi kilichokatwa ni wilaya yenyewe, na katika kipande kilichokatwa alikuwamo kaka yangu.

Kaka anaishi huko Jabali, siye tunaliita hivyo tu, katika bustani ya babu yetu ya makomamanga na waridi. Wilaya mpya ilipotangazwa, akaamua kugombea kiti chake. Mama aliposikia aliinua mikono. "Kabla Mungu hajanichukua nimchague mwanangu," akasema. "Sitaki jingine." Nilikwenda jikoni nikalia kidogo, kwa furaha, halafu nikaanza kuwaza taratibu, na furaha ikaisha.

Mama anakaa nami Firq, huku chini Nizwa, nyuma ya magereji, kwa sababu kifua chake hakiwezi baridi ya juu. Jina lake limo katika wapigakura wa Nizwa. Ili amchague kaka, ilimpasa akubali lihamishiwe wilaya mpya kabla muda wa kuhamisha haujakwisha. Nikamweleza. Nikadhani ni jambo la dakika.

"Sihami," akasema.

"Mama, huhami nyumba. Jina tu."

"Jina ndilo mie."

Hapo panahitaji maelezo. Mama alizaliwa Unguja, na aliporudi huku kwa wazee wake, sisi tungali wadogo tumemshika nguo, ofisini kila mtu aliulizwa ni wa wapi na nani anamjua. Sisi tuliotoka Afrika, ulimi ukitukwama katika Kiarabu, hatukuaminiwa hivi hivi. Ilibidi wazee wa kabila waje kukushuhudia. Wazee wawili walishuka Jabali kwa punda, halafu kwa lori, wakasimama mbele ya meza wakasema: huyu ni wetu, baba yake tunamjua, ni mtu wa Nizwa. Wakati huo Jabali lilikuwa Nizwa na hakuna aliyelitenga. Tangu siku ile Mama hulitaja neno Nizwa kama mtu anavyolitaja jina la baba yake.

"Mama, Jabali si Nizwa tena," nikamwambia.

"Nani kasema?"

"Serikali."

"Wazee wale walitoka huko huko juu, wakala yamini kuwa mie wa Nizwa. Leo wataka niwafanye waongo, na wao wamo makaburini?"

"Si uongo, Mama. Mpaka ndio uliosogea."

"Basi na usogee, khalas. Mie sisogei. N'shasogea vya kutosha."

Kaka akapiga simu kutoka juu. "Mbembeleze," akasema. "Ukishindwa, mlazimishe." Nikamwambia ashuke amlazimishe yeye mwenyewe, tuone. Niliwakasirikia wote wawili: yeye kwa haraka yake, Mama kwa ukaidi wake, na aliyechora mstari kwa kuchora bila kutuuliza.

Ijumaa moja niliondoka na gari kwenda kuutafuta huo mpaka. Nilitaka kuuona kwa macho. Pale Birkat al Mauz, kwenye kizuizi ambapo magari madogo hurudishwa yasipande mlima, nilimuuliza polisi unapita wapi. Akacheka, akaniita khala, kama niliye mama yake mdogo. "Mpaka gani, khala? Siye hapa twatazama magurudumu tu." Nikapanda, nikasimama kila kona penye nafasi. Hakuna nguzo, hakuna rangi, hakuna lolote, ni mawe yale yale upande huu na upande ule. Nilitamani kupiga teke jiwe, jiwe lolote. Mwalimu mzima wa jiografia nilirudi nyumbani na vumbi viatuni na hasira ile ile.

Kadi ya uraia ya Mama ninayo mimi, na simu yake ni mimi ninayemfungulia. Ningeweza kulihamisha jina lake humo humo kwenye simu yeye akiwa anasali, asijue. Mara mbili tatu nilishika simu, nikairudisha mezani. Muda ukapita. Nilipomwambia umepita, alinipapasa bega. "Umefanya vyema, mwanangu." Nikaelewa kuwa amekubali: amechagua wazee wake, amemwacha mwanawe. Ilinichoma, lakini niliheshimu.

Niseme mapema kwamba kaka hakupata kile kiti, wala hakukikosa kwa kura moja. Si hilo linalonirusha usingizi.

Siku hizi kura hupigwa kwa simu, mtu yuko kwake. Siku ilipofika, Mama alijifukiza udi, akavaa nguo ya Idi, akaketi sebuleni wima kama bibi harusi. Simu ikasoma kadi. Ikataka kumpiga picha ya uso, akavua miwani, akaiambia, "Salaam aleikum." Nikacheka. Kisha zikaja sura za wagombea, wanaume na vilemba vyao, mmoja chini ya mwingine.

Mama akapitisha kidole taratibu. "Huyu siye," akasema. "Huyu siye. Na huyu siye."

"Mama, unamtafuta nani?"

"Kaka yako. Mbona hawajamtia?"

"Mama, hawa ni wagombea wa Nizwa."

"Najua. Si ndiyo maana sikuhama?" Alinitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Mie wa Nizwa, naye nimemzaa mie. Atakuwa wa wapi?"

Ndipo nilipofahamu. Hakuwa amemwacha mwanawe hata kidogo. Alikataa kusogea ili awashike wote, wazee wake na mtoto wake, mahali pamoja. Nikamshika mkono wake unaonukia udi.

"Waambie wamrejeshe," akasema. "Waambie n'na mashahidi."

Mashahidi wake wote wawili wamezikwa Jabali, katika wilaya nyingine. Mwanga wa simu ukaanza kufifia. Niliigusa isizimike, naye akarudi juu kwenye sura ya kwanza, akaanza kutafuta upya.