Saa Tatu Sala, Saa Kumi Mpira

Zedekia alikuwa mtu wa kuhangaika. Hata akila alikula amesimama, sahani mkononi, jicho dirishani. Alishafanya kazi kwenye ujenzi wa bwawa la umeme Bugoye, kwenye kiwanda cha saruji, na kwenye duka la kudurufu karatasi mjini Kasese, na kote aliondoka kabla hawajamzoea. Jambo moja tu lilimshika miaka tisa: kusoma Neno kila Jumapili katika kanisa lao la Bwera, kwa sauti iliyowafanya hata walevi wa jana waketi wima.

Kanisa lenyewe lilikuwa ukumbi wa video wa kukodi. Saa tatu asubuhi, sala. Saa kumi jioni, mpira wa Ulaya, kwenye mabenchi yale yale. Kwa hiyo ibada ikiisha, muumini mwenye akili aliacha Biblia yake juu ya benchi kushika nafasi ya mechi. Kofia ingesogezwa, koti lingeibwa, lakini nani angethubutu kulisukuma Neno la Mungu?

Zedekia akaandika kitabu juu ya mambo hayo. Miaka mitatu alizunguka msikitini, kwa Wakatoliki, kwa walokole wenye vipaza sauti, kwenye madansi ya wanamuziki wa Kongo na kwenye kumbi za mpira. Akagundua kwamba wote huvaa rangi zao, wote huimba maneno wasiyoyaelewa, wote wana maadui mtaa wa pili. Akaongeza, kwa raha zake, kwamba pale kwao mtu hufumba macho kwa dhati zaidi wakati wa penalti kuliko wakati wa toba. Nakala arobaini, zimebanwa kwa pini.

Moja ikamfikia Mzee Yafesi, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, na Zedekia akaitwa afike mbele ya wazee Jumamosi mchana. Mkewe Gorret alimshauri aombe radhi haraka arudi kula. Lakini yeye, tangu wito ulipomfikia Jumatano, alikuwa hashikiki. Alikwenda Nyakiyumbu na kurudi kwa miguu, bila shughuli yoyote, akijitetea peke yake njiani hadi mbuzi wakampisha. Kitabu wakikichoma, sawa, angeandika kingine. Kunyang'anywa usomaji ndiko hakukuweza kufikirika.

Wazee walikuwa watano. Yafesi akalamba kidole, akafunua. Walipofika kwenye penalti wakacheka, na mmoja akakiri kwamba huyo ni yeye. Kwenye nyimbo wakatikisa vichwa kukubali. Zedekia, aliyejiandaa kufa shahidi, akaanza kuona kama anadharauliwa.

Kisha ukaja ukurasa wa thelathini na moja.

"Hapa umeandika desturi ya kuacha Biblia kwa benchi ilianzia Bugoye," Yafesi akasema.

"Ndiyo, mzee. Niliiona huko wakati wa bwawa. Hapa ilikuwa bado."

"Sikia, Zedekia. Bugoye beko watu ya kuiga tu. Mutu wa kwanza kuacha Biblia kwa benchi iko mimi." Wazee wanne wakaitikia kwa koo. "Badilisha hiyo, kesho unasoma kama kawaida."

Neno moja tu la kufuta. Gorret angelifuta kwa ukucha. Zedekia akautazama ukurasa, akamtazama mzee, akahisi miguu inataka mlango.

"Siwezi, mzee. Wewe ulikuja nyuma yao."

"Basi kesho atasoma Provia."

Provia, katibu wa akina mama, alisoma vizuri, jambo lililozidi kumuumiza. Jumapili hiyo Zedekia alibanwa kwenye benchi la tatu, midomo yake ikimtangulia dada huyo kwa nusu mstari. Katikati ya somo la pili kukaa kukamshinda, akasimama. Hapakuwa na sababu. Lakini kwa miaka tisa watu walizoea kwamba Zedekia akiinuka ibada imeinuka, kwa hiyo benchi la nyuma likasimama, kisha akina mama, kisha kwaya, na mwisho Mzee Yafesi, akitazama huku na huku kuuliza kuna nini. Provia akanyamaza.

Ukumbi mzima ukamgeukia Zedekia. Akiwa hajui la kufanya, akaendelea na mstari uliofuata kwa kichwa, hadi mwisho wa somo, na hakuna mzee aliyemkatiza. Yafesi ndiye aliyetangulia kusema Amina.