Jicho la Munyiva, Wiki ya Harusi

Munyiva husuka nywele sokoni Mitaboni, katika kibanda cha mabati kilichopakana na duka la mbegu. Husuka huku akipiga hadithi, uso wake karibu kabisa na wa mteja.

Wiki ambayo Kavindu, binti wa dada yake, alikuwa aolewe, Munyiva aliamka jicho la kushoto likikataa kufunguka. Kope zilikuwa zimegandana kwa tongotongo la manjano. Alizilainisha kwa maji ya uvuguvugu, akajitazama kwenye kioo: jicho jekundu, limevimba kidogo. Akasema ni vumbi, kwa kuwa jana yake walipura maharagwe.

Mumewe, Titus, alikuwa na shaka. Yeye vumbi likimwingia humwasha macho yote mawili na kumtoa machozi ya maji tu. Jicho la Munyiva lilitoa usaha mchana kutwa, na kesho yake jicho la kulia nalo likaganda.

Munyiva akaenda zahanati. Muuguzi alimuuliza kama anaona vizuri na kama mwanga unamuumiza. Akajibu anaona sawa, ni kuwasha tu. Muuguzi akasema ni maambukizi ya kawaida, akampa dawa ya kupaka, akamwonya asichangie taulo na mtu na anawe mikono kila akigusa macho. Yakianza kuuma sana, au akianza kuona ukungu, arudi mara moja.

"Na kazi?" Munyiva akauliza. "Niko na bibi harusi Ijumaa."

"Huyo mwachie mwingine, mama. Ukimshika uso, atasimama kanisani na macho kama yako."

Hilo lilimuuma kuliko jicho. Yeye ndiye aliyekuwa akimsuka Kavindu tangu binti huyo akiwa mtoto. Hata hivyo alienda moja kwa moja kwa Syokau, msusi wa ng'ambo ya barabara, ambaye wamegombania naye wateja kwa miaka. Alisimama mlangoni bila kuingia, akamwomba amsuke bibi harusi. Syokau alimkagua usoni, kama anayetafuta hila iko wapi. Kisha akauliza Kavindu anapenda mistari ya namna gani.

Siku ya harusi macho ya Munyiva yalikuwa meupe tena. Kanisani alizichunguza nywele za bibi harusi kutoka nyuma. Mistari ilinyooka vizuri. Mmoja tu angeukaza zaidi. Wakati wa chakula Syokau alimsogezea kiti, wakala pilau pamoja, wakiwacheka wanaume wanavyocheza.