Koki Iliyobaki Wazi

Kwa miaka ishirini na sita Verlyn Skogstad alikuwa mtu wa pampu katika kikosi cha zimamoto wa kujitolea cha Bonde la Tamarak. Asiyeishi kwetu atadhani hicho ni cheo cha kumridhisha mtu tu. Huku mashambani hakuna mabomba ya maji barabarani. Moto ukizuka, maji tunayabeba kwa gari, na gari likikauka tunayavuta kutoka bwawa lililo karibu. Anayeyavuta ni Verlyn. Riziki yake ni ng'ombe wa maziwa; huku kwenye zimamoto hapati chochote zaidi ya kutolewa mezani kabla hajamaliza supu, kwa sababu kiredio cha kuwaitia wazimamoto, anachokivaa mkandani, kimelia.

Kuna jambo moja ambalo kila mtu wa pampu hulijua kuliko jina la mkewe. Majira ya baridi, ambayo huku hufika hadi Aprili, maji yakibaki ndani ya pampu huganda na kupasua chuma. Kwa hiyo baada ya mazoezi unajilaza chini ya gari, unafungua koki zote ndogo, unaacha maji yachuruzike mpaka tone la mwisho, halafu unazifunga tena. Ukisahau hata moja, siku ya moto pampu itavuta hewa badala ya maji.

Mwisho wa Machi, saa nne asubuhi, zizi la Marlys Kulas lilishika moto. Marlys ni mjane mwenye ulimi mkali, na zizi lile la mbao lilijengwa na babu yake. Gari la pampu la Verlyn lilikuwa la kwanza kufika. Wenzake wakawatoa ng'ombe wote arobaini na wawili, na maji ya kwenye tangi yakaanza kuuzuia moto usipande kwenye nyasi kavu za darini. Verlyn akatumbukiza mpira wa kuvutia maji bwawani na kuwasha pampu. Injini ikanguruma, maji hayakuja. Akaufungua mpira, akaufunga upya. Hayakuja. Dakika ya sita ndipo alipoinama, akahisi hewa ikifyonzwa chini pale, na mkono wake ukagusa koki aliyoiacha wazi baada ya mazoezi ya Jumatatu iliyotangulia. Akaifunga, na maji yakaja kwa nguvu zote, lakini wakati huo paa lilikuwa limekwisha kuteketea.

Dewey, mkuu wa kikosi, alipomuuliza kulikoni, Verlyn alisema raba ya kwenye maungio ya mpira ilijipinda. Aliyasema bila hata kuyafikiria. Kesho yake ikaagizwa raba mpya.

Uongo ule ulimtafuna miezi yote iliyofuata. Juni, tulipofanya ile asubuhi yetu ya kukaanga chapati za maji ili kuchangia kikosi, Marlys alikuja na ndoo nzima ya unga aliokwisha kuukoroga, akasimama jikoni tangu alfajiri. Alimwambia kila aliyepanga foleni kwamba asingekuwa Verlyn na wenzake, leo asingekuwa na ng'ombe hata mmoja. Verlyn alikula chapati tatu. Julai walimtoa ndama kwenye shimo la samadi, wakanuka wote wiki nzima. Oktoba mashine ya kuvunia mahindi ikawaka moto shambani. Verlyn aligusa kila koki mara nne kabla ya kuondoka, mpaka Dewey akamuuliza kama anazichumbia. Watu wakacheka, naye akacheka nao huku moyo ukimuuma. Ardis, mkewe, ndiye peke yake aliyejua. Hakumshurutisha. Alimwambia tu kwamba amechoka kulala watu watatu kitandani: yeye, mumewe na ile koki.

Januari ukafika mkutano wa mwaka. Hufanyika pale stesheni ya zimamoto. Magari hutolewa nje kwenye theluji na meza hupangwa mahali pake. Wenyeji huleta chakula na kikosi huchagua viongozi. Mwaka ule nyama ya kuoka ilikuwa ya Marlys. Dewey akafika kwenye nafasi ya mtu wa pampu, akasoma jina la Verlyn kama kila mwaka, akauliza kama kuna anayepinga, huku kalamu tayari inaandika.

"Mimi napinga," Verlyn akasema.

Akasimama, akakifungua kile kiredio mkandani, akakiweka mezani. Akaeleza yote: koki, dakika sita, raba ambayo haikuwa na kosa lolote. Hakumtazama Dewey. Alikuwa akimtazama Marlys, aliyekuwa nyuma ya sinia la nyama na uma mkubwa mkononi.

Sisi watu wa bonde hili hatujui la kufanya mtu anapofungua moyo wake hadharani. Tukazitazama sahani zetu tupu.

"Dakika sita," Marlys akasema.

"Sita."

"Na miezi kumi unanitazama usoni, unakula chapati zangu."

"Ndiyo, Marlys."

"Nimekukasirikia. Usidhani itaisha kesho, wala mwezi ujao. Lile lilikuwa zizi la babu." Akautua uma. "Siku ile nilipopiga simu nilitoka nje nikasimama barabarani, nikawa natazama kilimani nione nani atakuja. Ulitokea wewe. Bonde zima hili, na wanaokuja ni hawa tisa waliokaa hapa. Sasa unataka wabaki wanane? Nyumba yangu ikiwaka, nimpigie nani? Chukua hicho kidude chako. Ukija, funga koki, lakini uje."

Machozi yalikuwa yakimshuka Verlyn waziwazi, mtu wa miaka sitini na nne, na hakujishughulisha kuyafuta. Alishukuru kwamba amesema, na kwamba amekasirikiwa na mtu ambaye bado anamtaka. Dewey akakichukua kile kiredio mezani, akamfungia mkandani. Dewey alimnong'oneza kwamba watazungumza Jumatatu, wawili tu, na kwamba mazungumzo yenyewe hayatakuwa mafupi. Kisha akauliza tena kama kuna anayepinga. Hakuna aliyepinga.

Watu wakapanga foleni ya chakula, Verlyn akawa wa mwisho. Marlys akalikagua sinia lote bila haraka, akamchagulia kipande kidogo kuliko vyote, cha pembeni, kilichoungua. Verlyn akakipeleka mezani, akaketi kando ya Ardis, akakila chote mpaka mfupa.