Mwenzangu Niliyechaguliwa na Kompyuta

Wallahi haya yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize kwanza.

Miaka ya tisini ikielekea mwisho, nilikuwa katika kikundi cha maigizo pale Voi. Mimi na rafiki yangu Saru ndio watunzi. Tukigombana, usiseme! Mimi nataka mvua, yeye ataka jua, na mchezo hutoka humo humo kwenye ugomvi.

Basi tukaalikwa Wundanyi, ukumbi wa kanisa, tutunge mchezo pamoja na vijana wa sehemu nyingine. Kiongozi wetu, Mwalimu Righa, alikuja na kompyuta. Tulikuwa tumeshamtumia majibu ya maswali yake: wapenda hadithi gani, waota nini, waogopa nini. Sasa mashine ingempa kila mtu mwenzake wa kuwaza naye, anayefanana naye.

Saru akapewa kijana wa Taveta. Mimi nikaambiwa, "Wewe na Mkamburi, wa Kishushe."

Ukungu ulikuwa umeshuka mlimani mpaka waingia madirishani. Nikamwona msichana amekaa peke yake pembeni, gauni la samawati, ukungu umemfunika mabega kama leso. Nikaenda nikaketi.

"Nimekungoja," akasema.

Niamini, sijapata kuongea na mtu vile. Naanza neno, yeye analimalizia. Nawaza mto, yeye ameshamweka mwanamke anayeuvuka huku akiwaita wanawe kwa majina. Hakunipinga hata mara moja. Ilikuwa tamu kama usingizi wa mchana, na sauti za wenzangu zikazidi kwenda mbali. Wewe ungeinuka?

Saru ndiye aliyenitikisa bega.

"Dada, wazungumza na nani?"

Ukungu umeondoka. Mbele yangu kiti kitupu.

"Mkamburi hajafika," akasema Mwalimu Righa. "Nilidhani unamngojea tu."

Alasiri ile akaingia mwanamume, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa kaka yake Mkamburi.

"Nimekuja kuwaambia msimngoje. Malaria. Tumemzika Jumamosi."

Majibu aliyatuma akiwa mzima. Kompyuta ingejuaje?

Nikamweleza ule mchezo. Nilipofika kwa mwanamke wa mtoni, akaketi sakafuni, akajishika kichwa.

"Hiyo alikuwa akiwasimulia wadogo zetu walale," akasema. "Aliitunga mwenyewe. Nani amekupa?"

Mchezo ule hatukuucheza. Lakini tangu siku hiyo, nikikaa na watu kutunga, naanza sentensi na sauti laini yanimalizia, yakubali kila kitu, nami nawasahau walio mbele yangu. Saru alinivumilia mwaka mzima, kisha akatafuta mtu mwingine wa kugombana naye.

Kwa hiyo wewe, mashine ikikuchagulia mwenzio wa kuwaza naye, mpe mkono kwanza, uone kama una joto. Na ukisikia anakubali kila unalosema, inuka haraka ukaketi na yule anayekukera.