Kona ya Kwa Mlevi

Mume wangu hakuonja pombe maisha yake yote. Naanza na hilo, mengine yatafuata. Kona aliyofia hapa Magomeni ya kwetu kusini watu wanaiita Kwa Mlevi, na mlevi anayesemwa ni yeye.

Waliomzulia nawajua. Majina yao siyaandiki, nimeshaonywa kwamba karatasi yenye jina la mtu inaweza kukupeleka pabaya. Kazi zao nitazitaja, na wao wakisoma watajijua.

Asubuhi ile tulitoka shambani Mtawanya na kiroba cha mihogo mibichi, tunakiwahisha sokoni. Yeye alikuwa anaendesha baiskeli, mimi nimekaa nyuma kwenye kerieri, kiroba nimekipakata. Ulikuwa msimu wa korosho. Malori yalikuwa yanashuka bandarini moja nyuma ya jingine, na kila dereva alitaka kumtangulia mwenzake kwenye foleni ya geti. Kwenye kona lori moja likataka kulipita la mbele yake. Sisi tulikuwa katikati yake na mtaro.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala kwenye mchanga, mguu wa kushoto siuhisi. Mihogo ilikuwa imetapakaa barabarani na watu wanairuka. Nikamsikia dereva anapiga kelele, "Alikuwa anayumba kama mlevi! Jamani, alikuwa anayumba kama mlevi!" Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili. Alisema kama.

Akaja askari wa barabarani na daftari lake. Mwenye lori naye akafika, ana kanzu safi, akamchukua askari kando, wakaongea wamewapa majeruhi mgongo. Miezi baadaye, natembelea magongo, nilikwenda kituoni kuomba karatasi ya ajali. Mimi niliishia darasa la nne, nasoma kwa kidole. Nikapeleka kidole polepole mpaka nikafika pale: mwendesha baiskeli alikuwa mlevi. Neno kama halikuwemo. Nikarudia mstari, labda kidole kimeruka. Hakikuruka.

Basi nawataja. Wa kwanza dereva, aliyekimbilia foleni. Wa pili mwenye lori. Aliambiwa na utingo wake mwenyewe kwamba breki zinavuta upande, akajibu msimu ukiisha atatengeneza. Wa tatu askari, aliyekula neno moja. Wa nne vijana wa bodaboda. Walifungua kijiwe pale kwenye kona, wakahitaji jina la kuwaitia abiria, wakalikuta hilo liko tayari.

Miaka imepita. Dereva amerudi kwenye usukani wake. Mimi nimebaki na mguu mfupi, na meza ya mihogo ya kukaanga mbele ya nyumba.

Mwaka huu mwanamke mmoja aliyekuja kununua mihogo aliniachia karatasi. Ni ya fundi baiskeli wa hapa mtaani. Kila Jumamosi asubuhi fundi huyu anawatembeza watu mitaani, kwa miguu au kwa baiskeli, anawaeleza habari za mji: nani alijenga wapi, gati lilianzaje, kisima kipi kilikuwa cha nani. Juu imeandikwa MATEMBEZI YA BURE. Nilicheka. Kwetu mtu akikuambia umetembea bure, anakupa pole. Fundi mwenyewe aliniambia baadaye kwamba wiki za mwanzo alikuja mtu mmoja tu, naye alikuwa anauliza njia.

Nikashuka na kidole. Kituo cha kwanza, soko. Cha pili, msikiti wa zamani. Cha tatu, Kwa Mlevi.

Jina la mdomoni unaweza kusema litapita na upepo. Hili sasa lilikuwa limepigwa chapa, anapewa mgeni aende nalo kwao.

Jumamosi nikafunga meza, nikavaa khanga mpya, nikaenda kwenye banda la fundi. Walikuwa watu kama kumi na wawili, nusu wana baiskeli. Fundi ni Myao, mtani wangu. Alinitazama mguu.

"Shikamoo mama. Ni mbali, utaweza? Nikupakie kwenye kerieri?"

"Marahaba. Kerieri sipandi. Nyie endeni na magurudumu yenu, mimi nitawatangulia."

"Wamakonde kwa ubishi!"

"Na Wayao kwa maneno. Ongoza njia."

Wakakokota baiskeli kwa ajili yangu. Hilo naliandika kwa sababu hakuna aliyewaambia. Hata mzee mmoja, kuli mstaafu wa bandarini, aliyekuja na baiskeli iliyong'arishwa kama ya bwana harusi, alishuka akaikokota, na kila mara anaisimamisha, ati anaangalia upepo wa tairi. Najua alikuwa ananisubiri mimi.

Sokoni sikusikia alichoeleza fundi, na msikitini vilevile. Nilikuwa napanga maneno yangu.

Tulipofika kwenye kona, vijana wa kijiwe walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao. Fundi akapanda kwenye tofali. "Hapa ndugu zangu ni Kwa Mlevi. Kila mji una vichekesho vyake. Inasemekana kulikuwa na bwana mmoja alitoka kilabuni na baiskeli..."

"Inasemekana na nani?"

Wote wakageuka.

"Mama, ndivyo nilivyosikia."

"Huyo bwana ni mume wangu. Kilabuni alikuwa hakujui. Alikuwa ametoka shambani, amenipakia mimi na mihogo."

Fundi akashuka kwenye tofali. "Mama, nisamehe. Mimi nimehamia hapa, nimelikuta."

"Kulikuta umelikuta. Mbona hukuuliza?"

Nikawaambia yote: foleni, breki, daftari, neno lililoliwa. Nilipofika kwa askari, fundi akaninong'oneza, "Huyo mruke, mama. Bado anaishi mtaa wa pili."

"Simruki. Anapita kwangu kununua mihogo, na chumvi namwekea."

Watu wakacheka kidogo. Kwenye kijiwe mwanamume mmoja, mtu mzima kuliko wenzake, ameanza ndevu nyeupe, aliteremka kwenye pikipiki akavua kofia.

"Mama, jina hili nililianzisha mimi. Sikujua kama mlevi ana mke."

"Ulinibeba mara ngapi?"

Akainamisha kichwa. "Nyingi."

"Na mimi nilikuwa nakwambia unishushe wapi?"

Nikajibu mwenyewe. Nilikuwa nasema Kwa Mlevi. Ukisema kwingine hawakuelewi, wanakupitisha, unarudi kwa mguu na mguu wenyewe huu. Nimelisema kinywani mwangu miaka yote, kwanza kwa uchungu, baadaye kwa mazoea tu. Basi na mimi nimo kwenye orodha yangu.

Na kuna jambo jingine sikuwa nimemwambia mtu, wala mama yangu mzazi mpaka anaingia kaburini. Nikalisema pale, mbele ya watu nisiowajua. Baiskeli iliyumba kweli. Kiroba kilikuwa kinateleza mapajani, nikajipinda kukidaka, ikayumba. Mume wangu akasema, "Tulia, mke wangu." Hilo ndilo neno lake la mwisho. Dereva alichokiona alikiona, ila hakukuwa na pombe. Ilikuwa mimi na mihogo.

Niliona labda watanilaumu. Yule kuli mstaafu akaiegemeza baiskeli yake nzuri ukutani, akaja karibu. "Bibi, mimi nimebeba magunia miaka thelathini. Gunia likitaka kuteleza linateleza. Mwenye kosa ni anayekuja nyuma yako hataki kungoja."

Mwanamke aliyeniletea karatasi alikuwepo pia. Akanishika mkono, akaendelea kuushika.

Fundi akatoa kalamu, akakata kituo cha tatu kwenye karatasi yake. "Niandike nini, mama?"

"Andika: Alipofia mtu aliyempakia mke wake na mihogo."

"Ndefu hiyo, haitaingia."

"Punguza mwandiko."

"Mtani wangu, unaniua."

"Punguza mwandiko, Myao. Kusema unaweza siku nzima, kuandika mstari mmoja unachoka?"

Akapunguza. Karatasi za sasa ziko hivyo, mstari wa tatu ni mdogo mpaka watu wanasogeza karatasi puani. Jumamosi nikijisikia mzima naenda kusimama pale, nasema mwenyewe. Fundi ameacha kuniomba nimruke askari.

Kijiwe hakijabadilisha jina. Wala sikutegemea kingebadilisha, ulimi wa watu huwezi kuusuka upya kama ukili wa mkeka. Ila yule mwenye ndevu nyeupe amewaamuru wenzake warudishe neno lililoliwa, na ukipita sasa utawasikia wakiita abiria, "Kwa Kama Mlevi! Kwa Kama Mlevi, mmoja!"

Mgeni akisikia anauliza, "Kama Mlevi? Ndiyo wapi huko, na kwa nini kama?" Hapo mwenye pikipiki inambidi aeleze tangu mwanzo, na akikosea, meza yangu haiko mbali, namsahihisha.